Muulize Fundi: sensa mpya mbili na taa bado inawaka

Mwezi huu barua nyingi mlizoleta ni za kitu kimoja tu, presha. Presha ya hewa, presha ya oili, presha ya dizeli. Huku Mbeya saiv asubuhi baridi mpaka spana haishikiki, na nikisoma barua zenu naona karibu kila mtu anasimulia mkasa uleule, taa imewaka, mashine imetaja sensa, sensa ikanunuliwa, taa ikarudi. Nimechagua barua nne. Ya kwanza naijibu kwa kirefu maana kwakweli naumia nikiona mtu wa mshahara anatoa laki juu ya laki kwa kitu ambacho mita ndogo ya bei rahisi ingemwambia ndani ya robo saa.

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni mwalimu huku Uyole, natumia Corolla 110 injini ya 5A, niliinunua kwa mtu miaka miwili iliyopita. Tangu mwezi wa tano imeanza kula mafuta vibaya sana, zamani nikiweka ya elfu hamsini nilikuwa naenda Tukuyu narudi na mafuta yanabaki, saiv nikirudi mshale umelala. Inatoa moshi mweusi, plagi zinajaa masizi, ikikaa sailensi, yaani inanguruma bila kukanyaga mafuta, inatetemeka, na nikipita kwenye matuta taa ya cheki injini inawaka halafu siku nyingine inazima yenyewe. Fundi wa kwanza alihesabu taa inavyopepesa akapata 31, akasema hio ni mapu sensa, tukanunua ya mtumba. Wiki mbili tu taa ikarudi. Fundi wa pili akachomoa soketi akapima akakuta volti 5, akasema umeme unafika vizuri. Akairudisha akapima waya ya majibu akapata 3.6, akafungua kitabu kinasema kuanzia 3.3 mpaka 3.9, akasema waya ziko sawa kabisa ila hio sensa uliyouziwa ndo mbovu. Nikanunua nyingine mpya ya dukani. Fundi, taa bado inawaka. Sasa wananiambia ni kontroo boksi, ile kompyuta ya injini, na bei yake ni karibu mshahara wangu wote. Ninunue?
Msomaji, Uyole

JIBU: Marahaba mwalimu. Usinunue.

Tuanze na hio 31. Kwenye Toyota za rika la gari yako, ile namba unayoipata kwa kuunganisha TE1 na E1, matundu mawili ya soketi ya kupimia, halafu ukahesabu taa, 31 inataja njia nzima ya hio mapu, sensa ya presha ya manifoldi, bomba la kuingizia hewa kwenye injini. Njia, mwalimu, sio sensa. Wewe shuleni ukiita majina asubuhi mtoto asipoitika unaandika hayupo, lakini hujui kama mtoto anaumwa, au katoroka, au daraja limechukuliwa na maji. Kontroo boksi nayo imeita, haijasikia jibu la maana, imeandika 31. Kwenye gari za karibuni utaona P0107 ikiwa majibu yapo chini mno au P0108 ikiwa yapo juu mno, na hata hizo bado zinataja njia. Fundi akikimbilia kununua sensa ni sawa na kumchapa mtoto kabla hujaenda kuangalia daraja.

Njia yenyewe ina waya tatu tu. Ya kwanza inatoa volti 5 kwenye kontroo boksi kwenda kwenye sensa, Toyota wanaiandika VC. Ya pili inarudisha umeme, ndo ethi ya sensa, inaandikwa E2. Ya tatu inapeleka majibu, PIM. Ndani ya sensa kuna kiwambo chembamba sana ambacho hewa ya manifoldi inakisukuma, presha ikiwa kubwa volti za majibu zinapanda, injini ikivuta hewa presha inashuka na volti zinashuka. Injini yako haina kile kifaa cha kupima hewa inayoingia, kwa hio kontroo boksi inakadiria hewa kwa kutumia hii sensa ndo ijue imwage petroli kiasi gani. Ikidanganywa kwamba presha ni kubwa inamwaga mafuta mengi, na hapo ndo moshi mweusi, masizi na ile elfu hamsini yako vinapoishia.

Sasa fundi wako wa pili, namheshimu kwa sababu alau alitoa mita, wengi hata hio hawatoi. Ila kuna mambo mawili yamempita, na yote mawili yanawapata mafundi wengi wa huku kwetu.

La kwanza, alipima ile 5 soketi ikiwa imechomolewa. Mita haili umeme, inaonja tu. Waya hata ikiwa imeoza ikabaki uzi mmoja, mita itaonyesha 5 yote bila shida. Ni kama bomba la nyumbani lililoziba kutu, ukifunga koki presha inajaa kama kawaida, ukifungua maji yanatoka matone. Sensa ikichomekwa inaanza kula umeme wake, miliampia chache tu, na hapo hapo kidonda kinajitokeza. Kwa hio 5 ya soketi iliyochomolewa inakwambia waya haijakatika kabisa, basi. Haikwambii kama ni nzima.

La pili ni kitabu. Hio 3.3 mpaka 3.9 ni ya kweli, ipo kwenye vitabu vya Toyota za namna hio, switchi imewashwa injini imezimwa. Lakini ni namba ya mtu aliyesimama usawa wa bahari ambapo hewa inakandamiza karibu kilopaskali 101. Mbeya tuko juu karibu mita 1,700, hewa ni nyepesi, presha yetu ni kama 83 hivi. Kitabu hichohicho kinasema ukiondoa presha ya kilopaskali 13 volti zinatakiwa zishuke kati ya 0.3 na 0.5. Sisi tumeondolewa 18 na Mungu mwenyewe kabla hata fundi hajafungua boneti. Piga hesabu mwalimu, sensa nzima hapa Mbeya inatakiwa isome namba inayozunguka 3, tuseme 2.9 mpaka 3.2. Yako imesoma 3.6. Yaani gari imeegeshwa Uyole, sensa inaiambia kontroo boksi kwamba wako Dar es Salaam Kariakoo. Na kitabu kikasema sawa! Ndo maana sensa tatu tofauti, ya kwanza ya gari, ya mtumba na mpya, zote zimesema uongo uleule. Sensa tatu haziwezi kuharibika kwa namna moja, kinachofanana kwenye zote ni waya.

Nilimpigia mwalimu kabla ya kuandika haya nikamwomba arudi kwa fundi wake wapime hivi, na wewe msomaji mwenye shida hii fuata hapahapa. Kwanza betri, ikiwa chini ya volti 12.4 chaji kwanza maana namba zinaweza kukudanganya. Halafu sensa iache imechomekwa, switchi washa, injini usiwashe. Chukua pini nyembamba ya kushonea uipitishe nyuma ya soketi kando ya waya mpaka iguse chuma, usitoboe ngozi ya waya, waya iliyotobolewa na mvua za huku ndani ya mwaka inakuwa ya kijani ndani. Mita mguu mweusi weka kwenye nguzo hasi ya betri yenyewe, sio kwenye bati la bodi. Gusa VC, unataka 5 au karibu yake. Gusa E2, hapa unataka sifuri, na kwa sifuri namaanisha chini ya volti 0.1. Gusa PIM, unataka ile 3 yetu ya Mbeya. Kisha washa injini ikae sailensi, PIM ishuke mpaka kama 1 au 1.5.

Walivyopima kwa mwalimu VC ikatoka 5. E2 ikatoka 1.4.

Hio 1.4 ndo ugonjwa wote. Ethi inatakiwa iwe chini kabisa, sasa imeinuliwa volti 1.4 kwa sababu umeme unarudi kwa shida, na ethi ikiinuka majibu yote yanainuka nayo, mtu aliyepanda kwenye kiti anaonekana mrefu. Wakachomoa soketi wakapima tena palepale, ikarudi 0. Wakachomeka, 1.4. Mwalimu anasema fundi wake alinyamaza kidogo halafu akasema, kumbe. Na ile ya matuta nayo ikaeleweka, gari ikirushwa uzi ulikuwa unaachia kabisa, majibu yanaruka mpaka 5, kontroo boksi inaandika 31 na kuanza kutumia hesabu za kukariri.

Wakaifuata ile waya ya E2, ya kahawia, kwa mikono, wakifungua selotepu kidogo kidogo. Chini ya boksi la filta ya hewa wakakuta kiungo, mtu wa zamani aliwahi kuikata akaipotosha kwa vidole akafunga selotepu, shaba imekuwa kijani na unga umejaa. Pembeni yake kuna waya mbili nyingine zina alama za meno. Panya hao. Huku kwetu mahindi yakishavunwa yakawekwa ndani na baridi la mwezi wa sita na wa saba, injini iliyozimwa jioni ni kitanda kizuri sana kwa panya, tena waya za sensa ni laini. Mkiweka magunia karibu na gari fungueni boneti kila wiki mchungulie.

Wakakata mpaka kwenye shaba inayong'aa, wakachomelea kwa risasi, wakavika ule mpira unaosinyaa kwa moto. Nilimsisitiza kitu kimoja, wasiichukue E2 wakaipeleka kwenye nati yoyote ya bodi kama njia ya mkato. Hio ethi inatoka kontroo boksi kwa makusudi, na sensa ya joto la maji na ya throto zinaitumia hiyohiyo, ukiichanganya na bodi unaleta kelele za alternata kwenye majibu ya sensa zote. Baada ya hapo E2 ikasoma 0.02, PIM ikasoma 3.0 na sailensi 1.3. Wakachomoa fyuzi iliyoandikwa EFI kwa nusu dakika kufuta namba. Leo ni wiki ya tatu, taa haijawaka, na ile sensa ya kwanza kabisa iliyokuja na gari wameirudisha inafanya kazi vizuri. Mbili alizonunua ziko kwenye droo.

Sio kila gari itakuwa ni ethi lakini, kwa hio niongeze kwa ambao mita itawapa majibu mengine. VC ikiwa haina kitu, usiseme kontroo boksi imekufa, hio 5 inagawiwa kwa sensa zaidi ya moja, na moja ikipiga shoti inaua ya wenzake wote. Chomoa sensa nyingine zinazotumia 5 moja moja huku mita imeshikilia VC, ile utakayochomoa na 5 ikarudi, umempata. VC ikisoma 12, acha kila kitu, kuna waya ya umeme mkubwa imeigusa mahali, ukichomeka sensa mpya unaichoma. VC nzuri na E2 nzuri ila PIM imekwama juu au chini, hapo kuna ujanja mmoja naupenda sana kama una mashine inayoonyesha namba za presha moja kwa moja. Chomoa soketi, hakikisha kwanza kwa mita kwamba VC ni 5 kweli na sio 12, halafu kwa kipande cha waya unganisha VC na PIM kwenye soketi. Namba kwenye mashine iruke mpaka juu kabisa. Toa, sasa unganisha PIM na E2, ianguke mpaka chini. Ikiruka na kuanguka maana yake waya na kontroo boksi vyote vinasikia, sensa ndo bubu, nenda kanunue kwa amani. Isipotikisika, sensa mpya haitasaidia kitu, fuata waya mpaka kwenye kontroo boksi.

Na kama umeme wote uko sawa, switchi ikiwa imewashwa unapata 3 nzuri ila injini ikiwaka namba haishuki, angalia mpira mwembamba wa vakyumu unaotoka manifoldi kwenda kwenye sensa. Ukipasuka au ukiziba masizi, sensa nzima na waya nzima vitakupa shida ileile. Mpira huo ni bei ya soda. Nimewahi kukuta gari Mwanjelwa imebadilishiwa sensa, plagi na pampu, na mpira umechomoka unaning'inia.

SWALI: Fundi habari za kazi. Nimehamia Njombe kikazi natokea Dar. Nina kale kamashine kadogo ka kuchomeka chini ya usukani kanaonyesha kwenye simu. Dar presha ya manifoldi gari ikiwa imezimwa ilikuwa inasoma 100 au 101. Hapa inasoma 80. Taa haijawaka ila gari naona imekuwa nzito milimani, na muuza spea kaniambia sensa imechoka inasoma pungufu asilimia ishirini. Nibadili?
Msomaji, Njombe mjini

JIBU: Usibadili ndugu yangu, sensa yako ni nzima na imekwambia ukweli kwamba umehamia Njombe. Uko karibu mita 2,000 juu ya bahari, 80 ndo presha ya hapo. Ukishuka Kyela kule karibu na ziwa itapanda mpaka kama 95, ukipanda Kitulo itashuka kwenye sabini na kidogo. Uzito unaousikia ni wa kweli pia, injini isiyo na tabo, ile feni ya kusukumia hewa, inavuta hewa pungufu kwa karibu moja ya tano, hakuna spea inayotibu hilo, shusha gia mapema tu. Ila una bahati, kamashine hako kamekupa kipimo ambacho wengi hawanacho. Sensa ya mtu yeyote wa Njombe ikisoma 101 gari ikiwa imezimwa, hio sasa ndo ya kutilia shaka.

SWALI: Kamwene fundi. Naendesha Noah ya abiria Mafinga kwenda Iringa, mara chache tunakodiwa mpaka Ilula na kushuka Kitonga. Taa nyekundu ya oili ile ya kibuyu inapepesa nikisimama baada ya kupanda mlima, nikikanyaga mafuta inazima. Oili nimepima kwa kijiti iko juu. Vijana wa stendi wananiambia ni sensa tu zinasumbua, wengi wamechomoa waya na gari zinatembea. Mi naogopa, nimebeba watu.
Dereva, Mafinga

JIBU: Kamwene. Endelea kuogopa kaka, hio hofu yako ni nzuri, na tafadhali hio waya usiichomoe. Taa ya cheki injini ikiwaka unaweza kufika nyumbani, taa nyekundu ya oili ikiwaka kweli unaweza usifike hata kona inayofuata, vyuma vinasagana bila oili ni dakika chache tu injini imekufa. Na injini ikigoma katikati ya Kitonga na abiria ndani, nyuma yako malori, mimi sitaki hata kufikiria.

Kwenye gari nyingi za aina yako kile kidude cha oili sio sensa ya kutoa volti kama ya mwalimu, ni switchi ya waya moja. Presha ikikosekana inaunganisha waya na bodi, taa inawaka. Presha ikiingia inaachia, taa inazima. Kwa hio kipimo cha umeme ni kifupi. Injini imezimwa, switchi imewashwa, taa lazima iwake, isipowaka balbu imekufa au waya imekatika na umekuwa unaendesha bila mlinzi. Chomoa ile waya, taa lazima izime. Ukichomoa na bado inawaka, waya imechubuka inagusa bati, tafuta hapo. Ikizima ukichomoa, umeme uko sawa, na swali lililobaki ni moja tu, je switchi inasema kweli.

Hilo huwezi kulijibu kwa mita wala kwa kusikiliza mlio. Inafunguliwa switchi, inafungwa geji ya oili ya mshale palepale, gereji yoyote kubwa Mafinga au Iringa wanayo. Injini iwe ya moto, na kwa kuwa yako inapepesa baada ya mlima, ipimwe baada ya mlima, sio asubuhi ikiwa baridi maana oili baridi ni nzito na presha itaonekana nzuri hata kwa injini iliyochoka. Vitabu vya injini nyingi za petroli za Toyota za miaka hio vinataka sailensi isipungue PSI 4, na kwenye mzunguko 3,000 iwe kati ya 36 na 71. Geji ikisoma vizuri na taa inapepesa, badili switchi, ni kitu kidogo. Geji ikisoma 2 au mshale umelala, paki. Hapo anza na vitu vya karibu, oili ni nyepesi kuliko inayotakiwa, au imepitiliza muda, au filta ni ya bandia, au chujio la chini kwenye sampu, lile bakuli la oili, limejaa tope. Vikiwa sawa vyote ndo uende kwenye pampu na beringi za krankshafti.

Wale vijana wa stendi waambie kwa upole kwamba gari zao zinatembea ila hawajui zinatembea na presha gani.

SWALI: Ugonile fundi. Nina pikapu ya dizeli, komon reli, ile yenye bomba moja la presha linalogawia nozeli zote, nabebea ndizi na viazi kutoka huku Rungwe. Juzi nilipeleka kuoshwa na injini kwa ile mashine ya maji ya nguvu. Kesho yake ikawa inawaka inazima, ikiwaka haipandi zaidi ya elfu mbili. Mashine imesema P0193. Fundi mmoja anataka kulegeza bomba za reli aone kama dizeli inaruka, mwingine anasema tununue reli nzima na sensa yake. Nifanyeje?
Msomaji, Tukuyu

JIBU: Ugonile. La kwanza kabisa, huyo wa kulegeza bomba mzuie leo hii. Zile injini za zamani za pampu tulikuwa tunalegeza, hii hapana. Ndani ya reli injini ikifanya kazi presha inaweza kuzidi bar 1,000, mchirizi wake mwembamba unapenya ngozi kama sindano na dizeli inaingia kwenye nyama. Mtu anaona kitone kidogo tu kwenye kidole, haumwi sana, anaendelea na kazi, baadae mkono unaoza. Ikimtokea mtu yeyote ni hospitali hapohapo hata kama kidonda ni kidogo kiasi gani.

La pili, P0193 ni majibu ya juu mno kwenye njia ya sensa ya reli, na historia yako umeieleza mwenyewe, gari ilikuwa nzima, ikaoshwa, ikaugua. Mimi ningeanza na soketi kabla ya kitu chochote kingine. Chomoa nguzo hasi ya betri, chomoa soketi ya sensa mwishoni mwa reli, tazama ndani kwa tochi kama kuna maji, kijani, au pini iliyorudi nyuma. Mara nyingi ule mpira mdogo wa kuziba unakuwa umetoka au umepasuka na maji yanaunganisha waya ya 5 na waya ya majibu, kontroo boksi inadhani presha imefika mbinguni na inabana injini isijiharibu. Puliza kwa hewa ya kompresa ya kawaida, nyunyiza dawa ya kusafishia soketi za umeme, iache wazi juani. Jua Tukuyu ni la kubahatisha najua, basi kikausha nywele cha saluni kwa moto mdogo kinatosha, usitumie kiberiti wala moto wa gesi.

Ikikauka chomeka, washa switchi bila kuwasha injini, pima kwa pini nyuma ya soketi kama nilivyomwelekeza mwalimu wa Uyole. Injini ikiwa imelala tangu asubuhi reli haina presha, kwa hio majibu yawe chini, nyingi zinakaa kati ya nusu volti na volti moja. Ukikuta 4 na kitu au 5 wakati reli haina presha, chomoa sensa upime waya ya majibu peke yake na uangalie ethi yake, na uifuate waya yote, usiangalie soketi tu, maana maji ya nguvu yanasukuma matope mpaka ndani ya mafungu ya waya. Ukikuta waya nzima, 5 ipo, ethi iko chini ya 0.1 na majibu bado yamekwama juu sensa ikiwa imechomekwa, basi sensa ndo imekufa, na uliza kwanza kama ya gari yako inauzwa peke yake kabla hujakubali kununua reli nzima.

Ukishapona, mpira wa soketi upakwe greisi ya silikoni kidogo, kwenye mpira tu, pini ziache kavu. Na kijana wa kuosha mwambie injini anaifuta kwa kitambaa chenye maji, ile mashine iishie kwenye matairi na chini ya bodi.